Mzee, Unaombwa Kurudisha Memori

Sijamsamehe, na sina haraka. Nasema mapema ili usinisubiri nilainike huko mwishoni. Mtu aliyeniita mlafi mbele ya ukumbi uliojaa wazazi alikuwa mkuu wa kitengo cha kompyuta katika chuo kimoja mjini Embu, nami nilikuwa msaidizi wake kwa mkataba wa mwaka mmoja. Alikuwa mzee mrefu, mpole wa uso, mwenye sauti ya mtu anayeombwa kila mara aombee chakula kwenye karamu. Hata matusi yake yalitoka kama baraka.

Kwa mgeni neno hilo laweza kuonekana dogo. Kwetu Karurumo mwanamke akiitwa mvivu atacheka, akiitwa mchoyo atajitetea, lakini akiitwa mlafi amekwisha, kwa maana anasemwa kuwa alikula akiwa jikoni huku watoto wa wenzake wakingoja sahani. Neno kama hilo hufika kwa mama yako kabla hujafika wewe. Nilitaka jambo moja tu kutoka kwa yule mzee: ale matapishi yake, palepale alipotapikia, watu wakitazama.

Nieleze kwanza mashine za chuo, maana ugomvi wote ulitoka humo.

Chuoni tulikuwa na seva moja kubwa, iliyokaa katika chumba chenye feni nyuma ya maktaba. Ndani ya seva hiyo tuliendesha mashine nyingine ambazo huwezi kuzishika kwa mkono, kila moja ikijiona ni kompyuta kamili yenye memori yake, yaani nafasi yake ya kufanyia kazi. Kulikuwa na ya uhasibu, ya maktaba, ya mkuu wa kitengo mwenyewe, na ya mwisho, iliyoundwa mwaka nilioajiriwa, ya kusajili wanafunzi. Hiyo ndiyo niliyokabidhiwa. Nilikuwa nikiishi mtaa wa Majimbo, katika ploti ya vyumba vingi vyenye tangi moja la maji, kwa hiyo sikusumbuka kuelewa. Memori ni lile tangi. Kila mpangaji hudhani maji ni yake, na anayejua yamebaki kiasi gani ni mtunzaji wa ploti peke yake. Ndani ya seva, mtunzaji huyo huitwa kiini, ile programu ya chini kabisa inayogawia wengine kila kitu.

Maji yakipungua, mtunzaji hupita milangoni akisema, wewe, una ndoo zimejaa hapo na hufui leo, rudisha. Kiini nacho hufanya vivyo hivyo. Hutuma ilani kwa mashine, na ndani ya kila mashine kuna programu ndogo iitwayo baluni, yaani puto, ambayo kazi yake ni kuisikia ilani hiyo. Ikiisikia, inajijaza: inashika memori ndani ya mashine yake, inamzuia mwenyeji asiitumie, kisha inaikabidhi kwa kiini ili wapewe wengine. Shida ikipita, kiini hutuma ilani nyingine, baluni inanywea, na memori inarudi kwa mwenyewe. Ni utaratibu mzuri sana mradi kila mtu ana masikio.

Kinachobaki ni nani aombwe kwanza. Penye akili, huombwa yule aliye na nyingi asizozitumia. Kwetu, mkuu wa kitengo alikuwa amepanga ilani zifuate umri na cheo cha mwenye mashine. Sitanii. Alinionyesha mpangilio huo siku niliyoripoti kazini, akiwa ameridhika kabisa.

"Hapa tunaanza na mdogo," alisema. "Mdogo akishindwa, ndio unaenda kwa mwenye anamfuata."

"Na yako, mzee?"

"Yangu iko juu. Kwani nyumbani kwenu viti vikiwa kidogo na wageni wamekuja, ni baba yako husimama?"

Nilicheka, kwa sababu alisema kweli. Kwetu anayesimama ni kitinda mimba, na ndiye anayetumwa maji, na ndiye anayepewa shingo ya kuku. Hakuna mtu pale ofisini aliyeona ajabu. Mhasibu, mtu wa maktaba, mwalimu wa hesabu aliyekuja kuazima waya, wote walikuwa wamelelewa katika nyumba za aina moja kati ya Runyenjes na Meru, na walipoona mashine zimeketishwa kama wageni kwenye sherehe ya mahari, wazee mbele na watoto mlangoni, waliona ni adabu. Kosa hilo nadhani lingefanywa na sisi tu. Mashine haina umri. Yenye njaa ni ile yenye watu wengi, na yenye watu wengi ilikuwa yangu, iliyokaa mlangoni.

Siku ya kupokea wanafunzi wapya ilifika na mvua. Wazazi walijaa ukumbini na masanduku na magodoro, wengine wametoka Ishiara na Kiritiri alfajiri, viatu vimejaa tope. Makarani walikuwa mezani wakiandika majina kwenye kompyuta, na kila jina lilipita kwenye mashine yangu. Memori ya seva ilianza kupungua. Kiini kikatuma ilani kwa mdogo. Mashine yangu ikatoa. Kikatuma tena, ikatoa tena, kama mtoto mwenye adabu. Baluni ilijaa hadi mashine yenyewe ikakosa pa kupumulia, na mashine ikifika hapo, kiini chake kidogo cha ndani, maana kila mashine ina chake, huanza kuua programu ili ibaki hai. Programu iliyokula nafasi kubwa zaidi ilikuwa ile ya usajili. Ndiyo iliyouawa.

Skrini za makarani zikasimama. Kulikuwa na kelele kidogo. Mkuu wa chuo, mama mmoja mtaratibu ambaye sote tulimwita Madam, akauliza kuna nini. Mkuu wa kitengo akachukua kipaza sauti. Wala hakukasirika. Alitabasamu.

"Wazazi, mtuwie radhi. Huyu msichana wetu ni mzuri, lakini mashine yake ni mlafi. Imekula ya wenzake mpaka ikavimbiwa."

Watu wakacheka, kama watu walionyeshewa na mvua wanavyocheka wakipata sababu. Mama mmoja wa mbele alinitazama tumboni. Nilisimama pale na waya mkononi, nikajua sitasahau.

Jumamosi nilipofika nyumbani, mama alikuwa akichambua maharagwe. Hakuniuliza habari za kazi. "Wanasema ulikula kitu ya watu," alisema. Nilimweleza habari za kiini na baluni mpaka mate yakanikauka. Alisikiliza kwa makini, kisha akauliza, "Sasa huyo mzee amesema haukukula?" Nikasema bado. "Basi ulikula," akasema, akaendelea na maharagwe yake.

Na haikuishia hapo. Mashine ya usajili nilinyang'anywa, akapewa kijana mwingine. Mimi nikaachiwa printa na ile televisheni ya mapokezi inayoonyesha matangazo ya chuo. Mkataba wangu ulikuwa unakwisha mwisho wa mwaka, mwezi uleule mzee alipokuwa anastaafu, na bila neno lake zuri usingeendelezwa. Nilikuwa naelekea kurudi Karurumo bila kazi, na jina lile likiwa limenitangulia.

Printa hazina kazi nyingi. Nilikuwa na nafasi ya kusoma, na mzee alikuwa amesahau kunifungia njia ya kusoma ilani za kiini. Nikazisoma zote. Ndipo nikaona kwamba siku ile kiini kilipanda ngazi yote. Kiliniomba mimi, kikaomba maktaba, kikaomba uhasibu, wote wakatoa walichoweza. Kisha kikaiomba mashine ya mzee, mara nyingi, na haikujibu neno. Nikachunguza kwa nini. Alikuwa ameiondoa baluni. Mashine yake haikuwa na masikio kabisa, na ilikuwa imeshika sehemu kubwa ya memori yote ya chuo. Ndani yake kulikuwa na picha za mahafali na michezo, basi. Aliyeshiba hamjui mwenye njaa, lakini huyu hakuwa hata ameshiba. Alikuwa amekalia chakula.

Nilimpelekea Madam habari hiyo. Alinisikiliza hadi mwisho, akavua miwani.

"Nakuamini," alisema. "Lakini mimi siwezi kumsemea mzee maneno. Akisema mwenyewe mbele ya watu kwamba haikuwa makosa yako, nitakuandikia mkataba siku hiyohiyo."

"Na asiposema?"

"Mwanangu, anastaafu. Si ungoje aende?"

Akienda na neno lake, ningebaki nalo mimi. Nikamshukuru Madam, nikamwomba ruhusa ya jambo dogo tu, kuonyesha kwenye televisheni ya mapokezi hali ya memori, ili ofisi zijue ikipungua. Akasema hilo ni wazo zuri. Dawa ya moto ni moto, na mimi moto wangu niliupatia kibali.

Niliandika maandishi yale kwa adabu ambayo hata mchungaji angeipenda. Kila mara kiini kilipotuma ilani, televisheni iliionyesha, pamoja na jibu. "Mashine ya usajili, unaombwa kurudisha memori usiyotumia. Jibu: imerudisha, asante." "Mashine ya maktaba, unaombwa kurudisha memori usiyotumia. Jibu: imerudisha, asante." Kisha, kwa herufi zilezile, "Mzee wetu, mkuu wa kitengo cha kompyuta, mashine yako inaombwa kwa heshima kurudisha memori usiyotumia. Jibu: bado."

Mtu wa huku anaweza kunyimana akiwa peke yake. Hawezi kunyimana watu wakitazama. Ndiyo maana tukichanga tunachangia hadharani, mwenye kipaza sauti akimtaja kila mtu, na hata bahili wetu mkubwa hujikuta amesimama. Mapokezi yetu hayakukosa watu: wazazi, wanafunzi, wanawake wa usafi, watu waliokuja kuuza mayai. Wote walisoma. Hawakujua memori ni nini, lakini walijua kuombwa, na walijua maana ya bado. Kufikia wiki ya pili mwanamke wa usafi alikuwa akimsalimu, "Mzee, bado?" naye akidhani anaulizwa kuhusu kustaafu.

Alipong'amua alinijia mbio, sweta imekaa upande.

"Zima hiyo kitu."

"Madam ndiye aliruhusu, mzee."

"Unaniandika kwa ukuta kama mwizi?"

"Nimekuandika kwa heshima. Soma, utaona nimesema mzee wetu."

Alinikazia macho. Nilimtazama pia, jambo ambalo msichana wa kwetu hafanyi, na moyo wangu ulikuwa umetulia tuli. Alirudi ofisini kwake, akaiweka baluni upya kwenye mashine yake ili ile "bado" iondoke. Hakufikiria mbele. Ilani iliyofuata ilipofika, mashine yake ilisikia kwa mara ya kwanza, ikatoa karibu kila kitu ilichokuwa nacho, na televisheni ikaandika kiasi kilichorudishwa. Mhasibu alitoka ofisini kutazama. Mtu wa maktaba akaja. Kompyuta zao zilikuwa zimekuwa nyepesi ghafla, na sasa walijua ni nani aliyekuwa amezikalia. Mhasibu alitikisa kichwa tu, akarudi ndani.

Madam akabadilisha mpangilio. Tangu siku hiyo kiini kilianza kuomba mashine zisizohudumia wanafunzi, na ya kwanza kabisa ikawa ya mzee. Akawa yeye ndiye wa kuinuliwa kitini. Madam alipenda ilani zangu hata akaagiza zipite chini ya kila skrini ya chuo. Ila neno lile mzee hakulisema. Kwenye mkutano wa wafanyakazi alisema palikuwa na hitilafu ndogo siku ya usajili. Hitilafu! Kama kwamba hitilafu hutembea yenyewe ikiwa na funguo za chumba cha seva. Madam aliniangalia akainua mabega. Mkataba wangu ulikuwa umebakiza wiki chache.

Sherehe ya kumuaga iliwekwa siku ya kufunga chuo, katika ukumbi uleule. Siku moja kabla, alinikuta kwenye printa. Alikuwa ametengeneza onyesho la picha za maisha yake, na lingeendeshwa kutoka kwenye mashine yake.

"Kesho wanafunzi watakuwa wanafungua matokeo," alisema. "Uniwekee nafasi, hata kama ni saa moja. Mashine yangu isiombwe."

"Mzee, mpangilio ni wa Madam."

"Wewe unaweza."

Kweli niliweza. Madam alikuwa amenirudishia funguo za seva, na za mzee amezichukua, na ilikuwa amri moja tu kwenye simu yangu. Nilimwambia tutaona, na kwetu tutaona ni hapana iliyovaa nguo za kanisani.

Ukumbi ulijaa. Walikuja ndugu zake kutoka upande wa Meru, wajukuu, watu wa kanisa lake, wazazi wa wanafunzi waliokuja kuwachukua watoto wao. Palikuwa na mukimo na nyama na chai ya maziwa mengi. Baada ya hotuba, taa zikapunguzwa na picha zikaanza: mzee akiwa mwanafunzi mwenye suruali fupi, mzee na pikipiki, mzee akipokea cheti. Watu walifurahi. Nilikaa karibu na mlango, kikombe mkononi, nikingoja. Huko nje wanafunzi walikuwa wameanza kufungua matokeo.

Picha moja ikaja ikasimama. Chini yake maandishi yangu yakapita, makubwa, kwa utulivu: "Mzee wetu, mkuu wa kitengo cha kompyuta, mashine yako inaombwa kwa heshima kurudisha memori usiyotumia. Jibu: imerudisha, asante." Ukumbi ukacheka. Wafanyakazi walicheka zaidi, maana wao walijua. Mzee alibonyeza kidude chake cha kusogeza picha mara nyingi, picha isisogee. Akanitafuta kwa macho hadi akaniona. Nikaenda mbele polepole, nikamwinamia kama binti anayemwita baba yake kula.

"Naweza kukurudishia sasa hivi," nilimwambia kwa sauti ya chini. "Sema tu ile siku ilikuwaje."

Nilikuwa nimeingoja sura ile miezi mingi. Nilitaka ababaike, atafute maneno, aone aibu wajukuu wake wakimtazama. Akachukua kipaza sauti.

"Siku ya kupokea watoto wenu," alisema, "nilisema mashine ya huyu msichana ni mlafi. Haikuwa. Ilitoa yote iliyokuwa nayo, ikazimia. Mwenye alikalia za watu ni mimi. Mnisamehe, na yeye pia."

Madam alinitazama kutoka meza kuu, akaitikia kwa kichwa. Mkataba ulikuwa wangu. Kazi nimeipata, nikajiambia, jina limeoshwa, mama atasikia kabla ya jioni. Nikamtazama mzee nione anavyoumia, na hakuwa ananitazama tena. Alikuwa amegeukia ile picha iliyokwama.

Ilikuwa picha ya mwanamke kijana amesimama kwenye shamba la kahawa, kikapu kiunoni, akimkaripia anayempiga picha huku anacheka. Ni mke wake, niliwasikia ndugu zake wakinong'ona. Alikufa kabla sijaajiriwa, na sikuwahi kujua alifananaje. Nilipochungulia skrini ya kuendeshea picha nikaona kila moja ilipangiwa kupita upesi, hiyo pia. Sasa ilikuwa imekaa ukutani, kubwa kuliko mlango, na haikuwa na haraka.

"Msiiguse," mzee alisema, na hakuwa anamwambia mtu yeyote hasa. "Wacha ikae hapo."

Binti wa mzee akaanza kulia kwa furaha, wanawake wa kanisa wakaguna kwa upole. Nikaona wazi kwamba wanampenda kuliko walivyompenda asubuhi. Alikuwa amekiri kwa heshima, na kwa malipo amepewa mke wake, na aliyempa ni mimi. Hasira niliyoihisi pale ilizidi ile ya siku ya mvua. Nilikuwa nimemwandalia kitanzi, yeye akakivaa kama shada la maua.

Nikatoa simu. Nikaandika amri ya kuifanya baluni inywee, nikaituma. Memori ikamrudia mzee yote, bila kupungua hata kidogo. Mashine yake ikaamka, na mwanamke wa shamba la kahawa akaondoka ukutani. Picha iliyofuata ilikuwa ya timu ya voliboli.

Watu wakapiga makofi. Walidhani nimemhurumia. Madam alipiga makofi, na binti yake akaja kunishika mikono miwili. Mzee aliutazama ukuta, kisha akanigeukia, akasema asante, mwanangu. Nikaitikia, karibu mzee, nikarudi kumalizia chai yangu.